Kufunga tabo au supachaja kwenye injini ya kawaida: nguvu inatoka wapi, na nani anailipia?

Mpunga wa Loya ukishavunwa, na tumbaku ikianza kutoka mabanini kwenda kwenye maghala ya vyama vya msingi, maswali kuhusu magari huongezeka kwenye simu ya studio yetu. Mwenye Fuso anataka kujua kwa nini gari linatoa moshi mweusi likiwa na mzigo. Mwenye Land Cruiser ya kubeba watu kwenda mnadani anauliza kwa nini linakosa pumzi kwenye mchanga. Siku hizi kuna swali jingine, na hili linaletwa na matangazo tunayoyaona kwenye simu zetu: nikifunga tabo au supachaja kwenye injini yangu ya kawaida, si nitapata nguvu bila kununua gari jingine?

Jibu fupi ni kwamba inawezekana. Lakini injini ambayo haikujengwa kwa kazi hiyo hailetewi nguvu ya bure. Nguvu unayoiongeza leo unaikata kwenye umri wa injini ya kesho. Na huku kwetu, gari likifia kati ya Igalula na Loya, anayelipa si mwenye gari peke yake. Yumo mkulima mwenye magunia juu, yumo mama anayepelekwa hospitali, na yumo dereva anayekula kwa siku anayofanya kazi. Ndiyo maana tumeona tulieleze jambo hili kwa maandishi, ili mwenye kutaka alisome taratibu na kulijadili na fundi wake.

Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Pwani

Tuanze na ukweli mmoja unaowatetea wenye magari. Wanaposema gari lina nguvu Dar es Salaam kuliko Tabora, hawasingizii.

Injini haiendeshwi na mafuta peke yake. Inaendeshwa na mafuta yanayoungua ndani ya hewa. Hewa ikipungua, mafuta hayaungui yote. Mji wa Tabora uko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,200, na Igalula iko kwenye uwanda huo huo. Kwa kimo hicho, presha ya hewa iko chini ya ile ya Pwani kwa karibu asilimia 13. Injini isiyo na tabo ambayo Dar es Salaam ingetoa nguvu za farasi 130, huku kwetu itatoa kama 115. Hakuna kilichoharibika. Ni hewa tu.

Upande wa dizeli kuna jambo la pili. Kama pampu imepimwa kwa hewa ya Pwani na haina kifaa cha kurekebisha mafuta kulingana na kimo, itaendelea kumwaga kiasi kile kile cha dizeli kwenye hewa pungufu. Dizeli isiyoungua hutoka kama moshi mweusi. Kwa hiyo sehemu ya moshi unaouona kwenye barabara zetu ni mafuta ambayo mwenye gari ameyalipia kituoni na hayakumsaidia kitu.

Tatizo ni la kweli, basi. Tunachopaswa kupima ni dawa yake.

Tabo na supachaja hufanya nini

Vyote viwili ni vipulizo. Kazi yake ni kusukuma hewa ndani ya silinda badala ya kuiacha injini iivute yenyewe. Wazo hili ni la zamani. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipewa hataza ya tabo mwaka 1905, na baadaye vipulizo vilisaidia sana ndege zinazoruka juu ambako hewa ni nyepesi. Injini kubwa za dizeli, zikiwemo za vichwa vya treni, zimetumia vipulizo vya kiwandani kwa miaka mingi.

Tofauti yake iko kwenye kinachokizungusha. Tabo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye ekzosi. Supachaja huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda, kama dainamo ya gari. Tabo inatumia joto ambalo lingepotea, lakini inazunguka kwa kasi kubwa sana, mara nyingi zaidi ya mizunguko 100,000 kwa dakika, na inategemea oili safi. Supachaja hujibu haraka ukikanyaga mafuta, lakini inaila injini nguvu kabla ya kuirudishia.

Tuchukue kipimo ambacho kila mtu anakijua, upepo wa tairi. Tairi la gari dogo hujazwa psi 30 hivi. Kifurushi cha supachaja cha kawaida husukuma psi 7. Mtu akisikia 7 ataona ni kidogo. Lakini hewa ya kawaida inayotuzunguka hapa ina presha ya psi 12.7 hivi, na Pwani ni 14.7. Ukiongeza 7 juu ya 12.7, umeipa injini zaidi ya nusu ya hewa iliyozoea. Hata ukitoa hasara ya joto, hiyo bado ni kazi nyingi mpya kwa pistoni ile ile, koni rodi ile ile na gasketi ile ile.

Angalia pia tofauti kati ya Pwani na kwetu: ni psi 2 tu. Kipulizo ambacho kingeishia hapo kingekuwa kinairudishia injini hewa iliyoikosa kwa sababu ya kimo, na injini ingefanya kazi karibu na ile iliyopimiwa kiwandani. Kinachozidi hapo ni mzigo mpya.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita nchi hii kati ya Bagamoyo na Ujiji katika karne ya 19 walikuwa na mzigo wao unaojulikana, karibu kilo 30 kwa mtu. Aliyezidishiwa aliweza kuutua na kugoma. Injini haigomi. Inabeba unachoipa mpaka siku inapovunjika.

Jinsi kiwanda kilivyofanya

Njia nzuri ya kujua kama jambo ni rahisi ni kumtazama aliyeitengeneza injini. Je, yeye alipotaka kuongeza hewa, alibandika tu kipulizo?

Chukua injini inayojulikana sana nchini mwetu, 1HZ ya Toyota, ile ya Land Cruiser ambazo watu huziita mkonga. Ni dizeli ya silinda sita yenye ukubwa wa lita 4.2, haina tabo, na nguvu zake ni za farasi 130 hivi. Ilianza mwaka 1990. Mwaka huo huo Toyota ilitoa ndugu yake mwenye tabo, 1HD-T. Upana wa silinda ni ule ule, mwendo wa pistoni ni ule ule, na ukubwa ni ule ule wa lita 4.2. Nguvu zake zilizidi farasi 160.

Lakini ndani zilikuwa injini mbili tofauti. 1HZ hubana hewa mara 22.4, na mafuta yake hupulizwa kwanza kwenye kijumba kidogo kilicho ndani ya silinda hedi. 1HD-T hubana hewa mara 18.6 tu, na mafuta hupulizwa moja kwa moja juu ya pistoni. Pistoni zake ni nyingine na silinda hedi yake ni nyingine. Toyota ilipunguza mbano kwa sababu tabo ingeongeza hewa. Hata hivyo, wamiliki wa 1HD-T za mwanzo walizoea kuambiwa wakague beringi za koni rodi mapema, kwa sababu zilijulikana kuchakaa. Hiyo ni injini iliyojengwa na kiwanda kwa ajili ya tabo.

Sasa fikiria fundi anayefunga tabo kwenye 1HZ yenye mbano wa 22.4 bila kugusa kitu ndani. Hewa inayoingia tayari imebanwa, kisha inabanwa tena mara 22. Presha na joto la juu huangukia vile vijumba vya kwenye silinda hedi, pistoni na gasketi.

Kwenye petroli ni hivyo hivyo. Miaka ya 1980 Toyota ilikuwa na injini ya 4A-GE ya lita 1.6, yenye mbano wa 9.4. Mwaka 1986 ilipoitolea toleo la supachaja, 4A-GZE, ilishusha mbano hadi 8.0, ikaweka pistoni za kufuliwa ambazo ni ngumu zaidi, na ikaweka kipoza cha hewa. Linganisha na injini ya 1NZ-FE iliyo kwenye IST nyingi na Probox nyingi zinazobeba abiria mikoani. Mbano wake ni 10.5. Anayebandika supachaja hapo anaanzia mahali ambapo kiwanda kilipakimbia.

Hata Toyota ilipotaka nguvu zaidi kwenye Land Cruiser za kazi kwa soko la Australia, mwaka 2007 iliweka injini nyingine kabisa, dizeli ya silinda nane yenye tabo. 1HZ iliendelea kuuzwa Afrika bila tabo. Thamani yake huku iko kwenye uvumilivu: inastahimili mafuta ya wastani, na fundi wa wilayani anaweza kuifungua na kuirudisha. Ukiibandika kipulizo, hicho ndicho kitu cha kwanza unachokiuza.

Kinachoanza kuvunjika

Adui wa kwanza ni joto. Hewa ikibanwa hupata moto, kama unavyoona pampu ya baiskeli inavyopata moto ukijaza tairi. Hewa iliyoingia kwenye kipulizo ikiwa na nyuzi 30 inaweza kutoka ikiwa na nyuzi 80 au 90 kama hakuna kipoza. Pistoni za magari yetu ni za aluminiamu, na aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Moshi wa dizeli iliyozidishiwa mafuta unaweza kupita nyuzi 700. Pistoni inapona kwa sababu oili na maji huondoa joto haraka. Rejeta ikiwa imeziba nusu, au oili ikiwa imepitiliza muda, kinga hiyo haipo. Ndipo gari linachemsha, silinda hedi inapinda au kupasuka, na maji yanaingia kwenye oili.

Kwenye petroli adui wa pili ni kugonga. Hewa na petroli vikibanwa sana vikiwa na moto, hulipuka kabla ya wakati wake. Dereva husikia mlio kama wa misumari ndani ya kopo. Kila mlio ni nyundo juu ya pistoni. Ringi huvunjika, pistoni hutoboka, na haichukui miezi. Safari moja yenye mzigo inaweza kutosha.

Adui wa tatu ni hewa isiyolingana na mafuta. Ukiongeza hewa bila kuongeza petroli kwa kipimo, moto ndani unakuwa mkali mno. Ukifungulia pampu ya dizeli kupita hewa uliyoongeza, moshi mweusi unarudi na joto linapanda. Kati ya hayo mawili kuna nafasi nyembamba, na haipatikani kwa kusikiliza mlio wa injini peke yake. Inahitaji vipimo.

Injini ikistahimili yote hayo, mzigo unahamia nyuma. Klachi iliyotengenezwa kwa nguvu za farasi 130 inaanza kuteleza, giaboksi na difu vinalia. Kila kimoja kina bei yake, na hakikuandikwa kwenye tangazo la supachaja.

Mafuta ya chupa na vumbi la kiangazi

Kuna mambo mawili ya huku kwetu ambayo muuzaji wa vipulizo aliye mbali hayafikirii.

La kwanza ni mafuta. Vijijini wengi wetu hununua petroli ya chupa au ya dumu, kwa sababu kituo kiko mbali. EWURA ilianzisha vinasaba mwaka 2010 kwa sababu uchanganyaji wa mafuta ulikuwa tatizo, lakini vinasaba hupimwa kituoni, si kwenye meza ya kando ya njia. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa hugonga mapema zaidi. Injini ya kawaida itakohoa, itakosa nguvu, na mara nyingi utafika. Injini yenye supachaja haina nafasi hiyo ya kusamehe. Chupa moja mbaya inaweza kutoboa pistoni.

La pili ni vumbi. Kuanzia Juni hadi mvua za kwanza, barabara zetu za udongo ni vumbi tupu. Kipulizo kinachovuta nusu ya hewa ya ziada kinavuta na nusu ya vumbi la ziada kupitia chujio lile lile. Chujio linaziba mapema. Likiwa na tundu, au bomba la hewa likiwa limelegea, mchanga unapita kwenye mapezi yanayozunguka kwa kasi, kisha unasaga silinda na ringi.

Hapa tuondoe na dhana moja. Mkonga, lile bomba linalopanda pembeni ya kioo cha mbele, si kipulizo na hauongezi presha ya maana. Kazi yake ni kuchukua hewa juu, mbali na maji ya mito na sehemu ya vumbi. Ni kifaa kizuri, lakini mtu asikuuzie kwa jina la nguvu.

Feni za umeme za kwenye matangazo

Tunajua wengi mmeona matangazo ya supachaja ya umeme: feni ndogo ya plastiki yenye nyaya mbili, inayofungwa kwenye bomba la hewa, na bei yake ni nafuu. Tuifanyie hesabu.

Injini ya petroli ya lita 2 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika huvuta hewa lita 80 hivi kila sekunde. Kuisukuma hewa hiyo kwa psi 7 kunahitaji nguvu ya kilowati 6 hivi. Hiyo ni zaidi ya nusu ya nguvu zote za pikipiki ya cc 150. Kwa betri ya volti 12 ungehitaji ampea 500. Feni ndogo ya nyaya nyembamba haiwezi hata kukaribia hapo. Mara nyingi inakuwa kizuizi kwenye njia ya hewa, na ikivunjika, vipande vya plastiki vinaelekea kwenye injini. Viwanda vimetengeneza vipulizo vya umeme vya kweli, lakini vina mfumo wake wa umeme mkubwa na haviuzwi kama feni ya kuchomeka.

Hesabu hiyo hiyo inakuonyesha pia supachaja ya mkanda inavyoila injini. Zile kilowati 6 zinatoka kwenye injini yako, na mafuta yake unayanunua wewe. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba supachaja itampa nguvu zaidi na pia itapunguza mafuta wakati wa kubeba mzigo, aombe aonyeshwe hesabu.

Breki, kadi na bima

Gari lenye nguvu zaidi linaenda kasi zaidi, lakini breki, tairi na springi ni zile zile. Barabara ya lami ya kupitia Nyahua na Chaya kwenda Itigi na Manyoni imefupisha safari na imekaribisha mwendo. Gari la abiria lililoongezewa nguvu likifika kwenye ng'ombe wanaovuka, supachaja haisaidii kusimama.

Upande wa sheria, kadi ya gari inaandika namba na ukubwa wa injini. Ukibadilisha injini nzima, peleka taarifa TRA ili kadi ilingane na gari. Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, gari lisilofaa kuwa barabarani linaweza kuzuiwa na polisi, na moshi na mafuta yanayovuja ni dalili za wazi kwa mkaguzi yeyote.

Bima nayo husimama juu ya ukweli. Unapokata bima unaeleza gari lilivyo. Ukiliongezea nguvu bila kuiambia kampuni, unaipa hoja ya kukataa kulipa siku ya ajali. Barua moja ya kuuliza kabla ya kufunga ni nafuu kuliko kesi baada ya ajali. Kwa wanaobeba abiria jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu walio nyuma hawakuulizwa kama wanakubali majaribio.

Wanaofanikiwa wanafanya nini tofauti

Haki itendeke: wapo waliofunga tabo kwenye 1HZ na magari yao yanatembea. Australia jambo hili ni la kawaida kiasi kwamba vifurushi vinauzwa. Na injini za tabo zimeshashinda barabara mbaya za Afrika Mashariki. Toyota Celica yenye tabo ilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1984, 1985 na 1986. Lakini zile zilikuwa injini zilizojengwa kwa mashindano, na njiani magari ya huduma yalikuwa yanasubiri na mafundi na spea. Dereva wetu wa Loya anasubiriwa na nani?

Wanaofanikiwa wanaweka presha ya chini. Wanaweka kipoza cha hewa. Wanafunga geji ya joto la ekzosi mbele ya dereva, na dereva anajua kuachia mafuta sindano ikipanda. Wanapima injini kabla ya kufunga, kwa sababu kipulizo hakiponyi injini iliyochoka. Wanapeleka pampu ikapimwe upya kwenye mashine ya kupimia, na wanabadilisha oili mapema kuliko zamani.

Kama bado nia yako iko pale pale, muulize fundi maswali haya kabla ya kutoa hela:

Mbano wa injini yangu ni kiasi gani, na toleo la kiwandani lenye tabo lina mbano gani?

Utasukuma psi ngapi, na nini kitazuia isizidi?

Umepima kila silinda, na namba zake ni zipi?

Joto la ekzosi nitalisoma wapi?

Oili ya kwenda kwenye tabo unaichukua wapi, na inarudi wapi?

Injini ikipasuka ndani ya miezi sita, nani analipa?

Fundi anayejua kazi yake hataudhika na maswali haya. Atafurahi kuona mteja anaelewa. Anayejibu kila swali kwa neno "usijali" amekwisha kukujibu.

Kwanza tafuta nguvu iliyopotea

Kwa wengi wanaotuuliza, tungeshauri waanzie kwingine kabisa. Gari lililotembea miaka 20 mara nyingi halikosi kipulizo. Limepoteza nguvu lililozaliwa nazo, na nguvu hiyo inaweza kurudishwa kwa hatari ndogo sana.

Anza na chujio la hewa. Litoe, lishike juani, na kama mwanga haupiti, umepata mwizi wa kwanza. Kagua bomba lote la hewa kama limepasuka. Kisha chujio la dizeli na maji yaliyo chini yake. Peleka nozo zikapimwe. Nozo inayodondosha badala ya kupuliza inakula mafuta na inatoa moshi. Mwambie fundi wa pampu kwamba gari linafanya kazi Tabora, si Pwani, ili apime mafuta kwa hewa ya huku. Rekebisha valvu. Inua kila gurudumu ulizungushe kwa mkono, uone kama breki inakamata. Angalia tairi: tairi kubwa kuliko za kiwandani hulifanya gari lionekane zito, kama baiskeli iliyowekwa kwenye gia ngumu.

Baada ya hapo ndipo upime mbano wa silinda. Ukiwa chini, injini inaomba ringi na valvu, na kipulizo kitaimaliza. Ukiwa mzuri na bado gari halitoshi, basi ni kazi iliyozidi gari. Punguza mzigo, ongeza safari, au kwa miaka ijayo tafuta gari lililotoka kiwandani na tabo yake, kipoza chake, klachi yake na breki zake. Hata kubadilisha injini nzima kwa ile iliyojengwa na tabo, kwa fundi anayeaminika na kadi iliyorekebishwa, ni njia ya wazi zaidi kuliko kubandika.

Fanya na hesabu moja ya mwisho, na uifanye kwa shilingi zako mwenyewe. Andika gari linaingiza kiasi gani kwa siku wakati wa msimu. Kisha jiulize injini ikishushwa, itakaa chini siku ngapi ukisubiri pistoni na gasketi zije kutoka Dar es Salaam au Mwanza. Zidisha. Jumlisha bei ya spea na ya fundi. Weka jumla hiyo pembeni ya faida unayoitarajia kwa kupanda mchanga haraka kidogo. Kama faida bado ni kubwa, umeamua ukiwa macho. Kama si kubwa, nenda ukaanze na chujio la hewa.